Wiki Inapohama: Nani Atabeba Historia ya Istilahi Zetu?

Kiboko ni mji mdogo ulioko kando ya barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Nairobi, katika Kaunti ya Makueni, takriban kilomita 160 kutoka jijini. Wengi wa wasomaji wa jarida hili wamewahi kuupita wakiwa basini, pengine wakiwa usingizini. Wanakilimo wanaujua zaidi kwa sababu ya kituo cha utafiti ambacho siku hizi kiko chini ya KALRO, ambapo mbegu zinazostahimili ukame hufanyiwa majaribio. Ni huko nyumbani, wakati wa likizo, nilikopata ujumbe kwamba tarakilishi iliyokuwa ikihifadhi wiki yetu ya istilahi ingezimwa baada ya siku kumi na nne. Siandiki makala haya kwa nia ya kulalamika. Naandika kwa sababu naamini kuwa kuhamisha wiki ni suala la taaluma ya Kiswahili, wala si kazi ya kuwaachia mafundi peke yao.

Kwa faida ya wale ambao neno hili bado linawakumbusha siku saba za juma, wiki ni tovuti inayoandikwa na wasomaji wake wenyewe. Kila badiliko huhifadhiwa pamoja na jina la aliyelifanya, tarehe na saa. Nyuma ya kila ukurasa mna ukurasa mwingine wa majadiliano. Wiki yetu ilikuwa ya kikundi cha wanafunzi waliojitolea kutafsiri programu huria kwa Kiswahili, na iliendeshwa kwa MediaWiki, programu ile ile inayoendesha Wikipedia ya Kiswahili tangu miaka ya mwanzo ya karne hii. Hatukuwa waanzilishi hata kidogo. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulikuwa umekwisha kutoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na kabla ya hapo, mwaka 1994, mradi wa Kamusi ulikuwa umeanzishwa katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, ukakusanya maneno kwa msaada wa watu wa kujitolea, na baadaye ukalazimika kuondoka chuoni humo na kutafuta makao mengine. Waama, kuhama si jambo geni katika kazi hizi.

Wenzangu walipopata habari walifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye uchungu angefanya. Walifungua ukurasa mmoja baada ya mwingine, wakanakili maandishi na kuyabandika katika hati za kawaida. Kwa siku tatu walikuwa wameokoa mamia ya istilahi, nasi tukapongezana. Nilipozisoma hati hizo ndipo nilipogundua tulichokuwa tumekipoteza.

Mfano mmoja unatosha. Miongoni mwa programu tulizokuwa tukizitafsiri ilikuwamo moja ya kuwekea kumbukumbu za shamba, na ndani yake mlikuwa na orodha ya mazao. Kuna aina ya nafaka ndogo ya kijani, ya jamii ya kunde, ambayo kamusi sanifu huiita choroko. Mwenzetu wa Mombasa alisema kwao huitwa pojo. Mimi nilisema kwamba mkulima wa Kiboko, ambaye zao hilo ndilo linalomlipia karo ya watoto, hulijua kwa jina la ndengu, na kwamba akiona "choroko" kwenye kioo cha rununu yake atadhani ameletewa mbegu ngeni. Mwingine akatuonya tusichanganye ndengu na dengu. Mjadala huo uliendelea kwa muda wa miezi miwili, kwa hoja na kwa kejeli kidogo, hata tukaafikiana kwamba choroko iwe istilahi kuu na ndengu ionekane katika toleo la Kenya. Katika hati zilizonakiliwa kwa mkono limebaki neno moja tu: choroko. Hoja zimekwenda, majina ya watoa hoja yamekwenda, na sababu za uamuzi hazipo tena. Mtafiti atakayekuja kesho atadhani tulifungua kamusi tukanukuu.

Hapa ndipo palipo na kiini cha hoja yangu. Wanafunzi wa isimu tumefunzwa kwamba istilahi haizaliwi siku inapochapishwa. Ina safari yake ya kupendekezwa, kupingwa, kujaribiwa na kukubaliwa au kutupwa. Tarakilishi, kompyuta na ngamizi zilishindana mbele ya macho yetu, lakini nani kati yetu anaweza kuonyesha kumbukumbu kamili ya ushindani huo? Wiki ni miongoni mwa mahali pachache ambapo safari ya namna hiyo hujiandika yenyewe bila mtafiti kuajiriwa. Kuihamisha bila historia yake ni sawa na kuhifadhi kaseti tupu za mahojiano na kutupa sauti.

Kwa bahati siku zilikuwa bado zimesalia. Tulirudi tukafanya kazi upya, safari hii kwa utaratibu. Wiki ya MediaWiki ina sehemu ambazo sharti zihame pamoja: hifadhidata, ambamo maandishi yote na historia yake hukaa, folda ya picha na faili nyingine, ambayo haimo ndani ya hifadhidata na ndiyo husahauliwa mara nyingi, na faili ya mipangilio. Kwanza wiki hufungwa kwa muda isihaririwe, ili asitokee mtu wa kuandika katika nyumba ya zamani ilhali vyombo vimekwisha pakiwa. Kisha nakala hutolewa, hupelekwa kwenye seva mpya, hufunguliwa na kukaguliwa. Jina la tovuti huelekezwa upya mwishoni kabisa.

Katika ukaguzi huo tulikumbana na tatizo ambalo sidhani fundi asiyejua Kiswahili angelitambua. Sauti ya ng' huandikwa kwa ritifaa, na ritifaa ni alama ile ile ambayo lugha ya hifadhidata hutumia kuonyesha mwanzo na mwisho wa maandishi. Faili ikiandaliwa ovyo, neno hukatwa katikati. Isitoshe, kuna ritifaa iliyonyooka na ile iliyopinda ambayo baadhi ya programu za kuandikia huiweka zenyewe. Kwa jicho ni alama moja; kwa mashine ni mbili tofauti. Tulikuta kurasa mbili za "king'amuzi" na mbili za "mng'ao", kila moja ikiwa na majadiliano yake, na waandishi wake wakiwa hawana habari kwamba jirani yupo. Ilibidi mtu mwenye kuijua lugha aketi na kuziunganisha moja moja. Ikiwa hiyo si kazi ya mwanaleksikografia, basi sijui ni ya nani.

Kuna wahadhiri wetu, nawaheshimu sana, wanaosema kuwa dawa ya haya yote ni kurudisha kila kitu nyumbani: Kiswahili kikae katika seva za Afrika Mashariki. Naielewa hisia hiyo. Kabla ya kituo cha KIXP kufunguliwa Nairobi mwishoni mwa mwaka 2000, ujumbe wa kutoka ofisi moja ya jiji kwenda nyingine uliweza kupitia setilaiti hadi ng'ambo ndipo urudi. Na kituo chenyewe kilifungwa kwa agizo muda mfupi baadaye, kikafunguliwa tena mwaka 2002. Tangu nyaya za SEACOM na TEAMS zifike Mombasa mwaka 2009, hali imebadilika kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo, siafikiani nao. Seva iliyo katika kona ya ofisi, inayozimwa Ijumaa jioni na mtu anayetafuta soketi ya birika la chai, haina uzalendo wowote wa kutusaidia. Mwezi wa Januari 2013 Wikipedia zote, ya Kiswahili ikiwamo, zilihamishwa kutoka Tampa, Florida, hadi Ashburn, Virginia, na tangu mwaka 2016 wahusika wamekuwa wakifanya mazoezi ya kuhamia kituo chao kingine kilichoko Texas na kurudi. Mwaka ule wa kwanza uhariri ulisimama kwa takriban robo tatu ya saa; baadaye muda huo ukapungua hadi dakika chache. Wanaweza kufanya hivyo kwa sababu huhama kabla ya kufukuzwa. Sisi hungoja notisi.

Kwa maoni yangu, swali la seva iko wapi linatanguliwa na swali la funguo ziko kwa nani. Wiki yetu ilikuwa ikilipiwa na mwenzetu aliyehitimu miaka mitatu iliyopita, kutoka mfukoni mwake, na nywila kuu ilikuwa kichwani mwake. Alipobadilisha kazi na kusahau, chama kizima kikawa hakina mlango. Katiba za vyama vyetu zinaeleza nani atatunza muhuri na kitabu cha hundi. Ni lini zitamtaja mtunza nywila? Kila mwaka viongozi hukabidhiana ofisi kwa hotuba ndefu, na sijawahi kuona nakala ya hifadhidata ikikabidhiwa. Idara nazo zingeweza kuifanya kazi hii kuwa sehemu ya mafunzo ya leksikografia, na maktaba ya chuo kupokea nakala moja kila mwaka kama inavyopokea tasnifu.

Hili si suala la ihsani tu. Maandishi ya wiki yetu, kama yale ya Wikipedia, yalitolewa kwa leseni huria inayomruhusu yeyote kuyatumia mradi awataje waandishi, na orodha ya waandishi ni ile historia ya mabadiliko. Anayeitupa anavunja ahadi waliyopewa. Kwa upande mwingine, hifadhidata ina anwani za barua pepe za wanachama, na nchini Kenya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haimruhusu mtu kuzisambaza apendavyo. Kwa hiyo nakala ya kugawa iwe na majina na historia, lakini anwani na nywila ziondolewe kwanza.

Hivyo ndivyo nilivyofanya. Nakala iliyosafishwa ipo katika diski mweko mbili: moja iko chuoni na nyingine Kiboko, ndani ya mkebe wa majani ya chai, kwa sababu ya vumbi. Ukurasa wa ndengu umo, pamoja na kejeli zake zote. Atakayechaguliwa kuwa katibu muhula ujao aje aichukue.