Krambo ya maepo si anasa, jamani!

Leo sina picha za theluji. Leo nina ugomvi.

Nimesikia habari za shughuli ya mwezi uliopita. Hela ilitoka hapa Neasden, zamu nne za usiku, na niliituma kwa moyo mweupe. Kumbe nyingine imeishia kwenye pai za maepo za kugandishwa, za boksi, za supamaketi! Nikauliza, kwa nini hamkupika? Nikajibiwa eti wageni watatudharau wakiona maepo ya Lushoto yenye makovu, na eti "nyie wa Ulaya ndivyo mnavyokula".

Nani kawaambia?

Mtaani kwetu nyumba nyingi ni za zamani, zina kibustani nyuma, na baadhi zina mti wa epo. Mwezi wa tisa yanaanguka hovyo, watu wanayajaza kwenye boksi na kuliweka nje ya geti, chukua bure. Yana makovu, yana matundu ya wadudu. Unakata palipooza, unapika. Hiyo ndiyo krambo: maepo chini, chenga za unga, siagi na sukari juu, unaoka. Ilishika sana wakati wa Vita Kuu ya Pili, vyakula vilipokuwa vya mgao (ulianza 1940, ukaja kuisha 1954!), maana haili unga na mafuta mengi kama pai. Chakula cha dhiki! Wazee ninaowauguza walikuwa watoto enzi hizo. Mtu kakataa kula tangu asubuhi, mtajie krambo na kastadi, anauliza kijiko kiko wapi. Sijaulizwa hata siku moja kama epo lilikuwa na kovu.

Na epo lao la kupikia wanaloliheshimu sana, Bramley, ni kubwa, la kijani, limepindapinda, na chachu mpaka unafumba macho. Chanzo chake ni mbegu alizopanda msichana Mary Ann Brailsford, mji wa Southwell, mwaka 1809. Baadaye nyumba ikanunuliwa na muuza nyama aitwaye Bramley. Mwaka 1856 kijana mmoja wa biashara ya miche akaomba vijiti vya kupandikiza, akaambiwa sawa, ila epo liitwe kwa jina langu. Msichana kapanda, mwenye bucha kapata jina! (Akina dada mnanielewa, hiyo tutaiongea siku nyingine.) Uchachu ule ndio unaolifanya lilainike likawa kama uji mzito. Yale mekundu ya kung'aa yenye stika, yanayotoka Afrika Kusini, ni ya kutafuna. Ukiyapika bila kukamulia ndimu, utamu mtupu.

Halafu basi likisimama Mombo, matunda ya Usambara yanagongwa dirishani kwenu, mnafunga kioo. Mkifika Dar mnakimbilia friza!

"Hatuna oveni." Bibi alikuwa anaokaje mkate wa mayai? Sufuria, mkaa kidogo chini, mwingi juu ya mfuniko. Basi chukueni maepo 6, yale machachu, menyeni, kateni, wekeni sukari vijiko 2 na karafuu 3. Juu yake unga vikombe 2, Blue Band nusu kikombe, sukari nusu kikombe, sugueni kwa ncha za vidole mpaka iwe chenga. Msikande, si chapati hiyo! Dakika 40 hivi. Mama kwa sababu ya sukari yake apewe kipande kidogo, cha bila kastadi, na asiongezewe hata akiwalilia.

Karafuu msiiache. Waingereza wenyewe wanaitia, na jirani yangu, mama wa Kihindi mzaliwa wa Kisumu (Kiswahili chake kinawashinda wanangu), anaitia pia. Ile "harufu ya Ulaya" mnayoinunua kwenye boksi kwa bei ya kuruka ni harufu ya Pemba!

Shughuli ya mwezi wa kumi na mbili nitachangia kama kawaida. Ya pai za boksi sitoi hata senti, na kaka mkubwa nimeshampigia simu, anajua.