Chuo Kikuu cha Garissa na Mfugaji wa Balambala

Mtu akiufuata Mto Tana kwenda juu kutoka mji wa Garissa, hupita Sankuri na Saka, kisha hufika Balambala. Nchi ni kavu. Mali ya watu ni ngamia, ng'ombe na mbuzi, na ukingoni mwa mto kuna mashamba. Zamani kijana wa huku aliyetamani elimu ya juu ilimpasa kwenda mbali sana: Makerere katika Uganda, ambayo ilianza kama shule ya ufundi mwaka 1922, au Nairobi, ambako Royal Technical College ilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956. Wengi walikata tamaa kabla ya kuanza safari.

Mwaka 2011 elimu hiyo ilisogea karibu. Mahali palipokuwa na chuo cha walimu mjini Garissa pakafanywa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Moi. Vijana wakaja kutoka pande nyingi za Kenya, wakapanga vyumba, wakanunua maziwa ya ngamia sokoni, na wenyeji wakazoea sura zao.

Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015, watu wa Al-Shabaab waliingia chuoni kwa bunduki. Watu 148 waliuawa, na wengi wao walikuwa wanafunzi. Chuo kikafungwa, na wanafunzi waliosalia wakahamishiwa Eldoret. Wako waliodhani kwamba milango ile haitafunguliwa tena. Lakini ilifunguliwa Januari 2016, na Oktoba 2017 chuo kilipewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Hapana budi kuwasifu walimu na wanafunzi waliorudi, maana walirudi wakijua yaliyotokea.

Sasa msomaji wa Balambala aweza kuuliza: chuo hicho kinamfaa nini mtu mwenye ngamia? Jibu lake limo katika maafa ya mwisho wa mwaka 2006, wakati chuo kikuu hakijakuwapo bado. Mvua kubwa ilinyesha, mafuriko yakaenea, na mbu wakawa wengi kupita kiasi. Mifugo ikaharibu mimba na kufa. Desemba homa ya Bonde la Ufa ikatambuliwa katika Garissa, na kabla haijakwisha watu zaidi ya 100 walikuwa wamekufa nchini Kenya.

Wataalamu wanaeleza kwamba vijidudu vya homa hii huweza kukaa miaka mingi ndani ya mayai ya mbu yaliyomo katika udongo mkavu, wakingoja mafuriko. Chanjo ya mifugo hufaa ikitolewa kabla ugonjwa haujaanza. Ukisha kuenea, imechelewa. Na utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba wafugaji Wasomali walikuwa wamekwisha kuziona dalili hizo, mvua, mbu na damu puani mwa wanyama, kabla ya maofisa kupata habari. Wazee walijua, ila maarifa yao hayakufika kwa wakati mahali pa kutolewa amri.

Hapo ndipo mwanafunzi anapohitajiwa. Kijana wa Balambala anayesoma Garissa arudipo nyumbani wakati wa likizo, na achukue daftari aende malishoni. Amwulize babu yake ni mwaka gani mbu walizidi, na ni mnyama yupi aliyeanza kuugua, kisha ayapeleke majibu kwa walimu wake. Wazee nao wasimwone mtoto aliyesoma kuwa amepotea. Na mzazi aliye na binti hodari wa hesabu asimfiche nyumbani, kwani ugonjwa haubagui kundi la mwenye binti na la mwenye mwana.

Kuishi kwingi ni kuona mengi, walisema wahenga. Mzee wa Balambala ameona mengi, na mjukuu wake amejifunza kuandika. Mvua kubwa itarudi siku moja. Ni heri imkute mzee amekwisha kusema, na mjukuu amekwisha kuandika.