Je, Kuna Kitengela Nyingine?

Swali lililozua zogo bwenini muhula huu ni hili: eti kuna ulimwengu mwingine sambamba na huu, wenye Kitengela yake na wewe mwingine ndani yake? Kuna wanaocheka, na kuna wanaosema huo ni ushirikina mtupu. Mimi naomba nitoe maoni yangu, na asiyekubali ajibu katika toleo lijalo.

Kwanza, swali hili halikutoka kwa waganga. Lilitoka kwa wanafizikia. Niels Bohr wa Denmark na wenzake walifundisha kwamba elektroni haina mahali pamoja maalum mpaka ipimwe. Kabla ya hapo kuna uwezekano mwingi; ikishapimwa, mmoja hutokea na mingine hupotea. Mwaka wa 1957, Hugh Everett, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Princeton kule Marekani, akauliza: kwani inapotelea wapi? Mlingano wa Schrödinger hausemi popote kwamba kuna kinachopotea. Basi, alidai, yote hutokea, kila moja katika tawi lake la ulimwengu. Wakubwa wengi walimpuuza, naye akauacha utafiti wa fizikia.

Usidhani haya ni mambo ya ng'ambo tu. Shika barabara ya Magadi hadi Olorgesailie, hapa hapa Kajiado, penye mashoka ya mawe ya watu wa kale. Umri wake ulijulikanaje? Majivu ya volkano ya pale yana potasiamu, na atomu chache za potasiamu hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni. Wataalamu hupima agoni iliyokusanyika, wakapiga hesabu. Atomu zikiwa nyingi, hesabu haikosei. Lakini chagua atomu moja tu: hakuna ajuaye kama itageuka leo au baada ya miaka milioni. Everett angesema kuna tawi ambamo imegeuka leo, na tawi ambamo bado.

Je, mimi naamini? Nasema halijathibitishwa. Ukimfuata Bohr au ukimfuata Everett, majibu ya maabara ni yale yale, na hayo matawi hayaonani. Sasa utamwita shahidi gani? Tena wenzetu huongeza chumvi, eti ukipanda matatu ya Namanga badala ya ile ya Nairobi, ulimwengu unagawanyika kwa sababu umeamua. Hapana. Katika nadharia yenyewe, mgawanyiko huanzia kwenye matukio ya atomu na chembe ndogo. Haisemi kwamba uamuzi wa mtu una nguvu za pekee. Hata hivyo, anayecheka tu naye hajajibu kitu. Mlingano huo huo ndio uliotuwezesha kuielewa transista iliyo ndani ya redio na simu.

Jambo linalonikera ni watu kuifanya nadharia hii kitulizo. Ukame wa mwaka wa 2022 ulimaliza mifugo mingi Kajiado, na boma letu halikusazwa. Rafiki mmoja, kwa nia njema, aliniambia kwamba kuna ulimwengu ambamo mvua ilinyesha na ng'ombe wetu wangali hai. Maneno matamu hayo! Lakini maziwa ya huko hayajai kibuyu cha hapa. Mama hakungojea tawi lingine; aliuza mbuzi wawili akanunua tangi la kukingia maji ya mvua. Vivyo hivyo, mwanafunzi anayejifariji kwamba yule mwenzake wa kule amepata A, karatasi yake ya hapa itasahihishwa hapa hapa.

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Wanafunzi wenzangu, tuisome fizikia kwa bidii, tubishane bila matusi, na huenda siku moja mmoja wetu akavumbua jaribio la kuamua kesi hii. Hadi siku hiyo, Kitengela ninayoijua ni hii yenye vumbi, na kazi yake inatungoja.