Kabla ya Gari la Parokia

Likizo inapokaribia, baadhi yetu tunaosoma falsafa, tunaotoka Mbeya na Iringa, huanza kuota Unguja na picha za ufukweni. Sisi tunapendekeza Ukerewe, tena kwa baiskeli.

Ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ziwa Victoria, ila kwa mwenye baiskeli na siku chache kinazungukika. Unavuka kwa kivuko kutoka Kisorya hadi Rugezi, unakwenda Nansio, kisha Kagunguli, ukipita mashamba ya muhogo, michungwa na mawe makubwa. Kule baiskeli si mchezo wa watalii. Hubeba abiria, samaki na magunia. Kwa aliyezoea vilima vya Umalila au Kilolo, njia zile ni nafuu (joto la ziwani tuliache, lina maneno yake).

Kagunguli ndiko alikoishi Aniceti Kitereza, aliyesoma seminari ya Rubya, kisha akawa katekista. Riwaya yake kuhusu Myombekere na Bugonoka aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, ikachapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980. Imejaa kilimo, maradhi, ugomvi wa wakwe na namna ya kupokea wageni. Hatudhani mambo hayo huonekana kupitia kioo cha gari.

Ukipita na gari, watu husogea kando kukwepa vumbi. Ukisukuma baiskeli mlimani, lazima usalimie; unaulizwa utokako, unapewa maji, unaambiwa ni nyumba ipi yenye mgonjwa.

Huku kwetu makatekista wanalijua hilo. Wapo wanaosukuma baiskeli kila Jumapili hadi kigangoni, huku parokia ikichanga kwa ajili ya gari la padre. Hatupingi gari: mgonjwa wa usiku, wakati wa masika na tope la Kilolo, hawezi kungoja baiskeli. Hata Papa Fransisko, alipozungumza na waseminari na wanovisi Julai 2013, alikubali kwamba gari linahitajika. Kilichomuumiza ni kuona padre au mtawa na gari la toleo jipya kabisa.

Basi tunawaomba walezi wetu: katika mwaka wa kichungaji, miezi mitatu ya kwanza frateri aende vigangoni kwa baiskeli, pamoja na katekista. Nanyi waamini, mkimwona anatokwa jasho, msikimbilie kumchangia pikipiki. Mpeni maji, mwonyesheni nyumba inayofuata.