Kutosha pepo: tuulize kwanza



Mutoto akianguka mu kalasi, povu inamutoka ku kinywa, maneno inakuwa mingi. Mumoja anasema: ni pepo. Mwingine: ni bulozi ya mu familia. Wa tatu: ni kifafa, mupelekeni ku hospitali. Siye wanafunzi wa masomo ya Kiprotestanti, tutafuata nani?

Tutazame kwanza majirani. Wakatoliki wako na kitabu cha kazi hii tangu 1614. Kilitengenezwa upya 1999. Kwa sheria yao ya 1983, padri hawezi kutosha pepo kwa mutu aliyepagawa bila ruhusa ya pekee ya askofu. Na askofu naye anaulizwa. Emmanuel Milingo, askofu mukubwa wa Lusaka, hapa karibu yetu, alianza kuombea wagonjwa na kufukuza pepo mu 1973. Watu walijaa. Lakini mu 1982 Roma ilimwita, na 1983 akaacha kiti chake.

Waislamu wanasomea mugonjwa Korani: Fatiha, Aya ya Kursi, sura mbili za mwisho, na jini anaamriwa kutoka.

Kwa wazee wetu Waluba, mambo ni ingine kabisa. Roho ya bulumbu haifukuzwe. Inapigiwa ngoma, inapewa heshima, na mutu aliyeingiwa anakuwa kilumbu, mwenye kuagulia wengine. Kwa huyu roho ni adui. Kwa yule ni mugeni wa kukaribishwa.

Na siye? Waprotestanti hatuna kitabu kimoja kwa wote, wala mukubwa mumoja wa kutoa ruhusa. Kanisa moja linaomba pole pole, lingine linakesha usiku muzima na kelele. Uhuru ule ni muzuri, lakini hatari inapita paka mule. Juu ya nini? Juu kutoka "ana pepo" mpaka "ni mulozi" njia ni fupi sana. Mu miji ya inchi yetu watoto wamenyimwa chakula, wamepigwa, wamefukuzwa nyumbani, wakaenda kulala ku soko, juu mutu alisema wanaloga wazazi wao. Njo maana Katiba ya 2006, mu kifungu 41, inakataza kumusingizia mutoto bulozi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inamutia mu kifungo mwenye kufanya vile.

Wengine watasema: basi munakana Maandiko. Hata kidogo! Tusome Marko 9. Yesu alimuuliza baba ya mutoto ugonjwa ulianza tangu wakati gani. Hakuuliza nani alimuloga. Hakuomba feza. Hakumupiga mutoto; alimushika mukono, akamusimamisha.

Maoni yetu njo haya. Mugonjwa aone munganga. Kifafa kiko na dawa. Tumuombee pia, mbele ya wazazi wake, bila kumufunga, bila kumupiga, bila kumulazimisha kufunga chakula. Mwenye kutaja jina la mulozi, au kuitisha feza mbele ya kuomba, tusimufuate, hata kama anashika Biblia. Na mwenzetu akisingiziwa kwao, asibaki peke yake: tuambie mwalimu au pasteri siku ile ile.

Mwenye wazo ingine aandike. Tutalitia mu namba inayokuja.