Mcheza kwao hutuzwa: sheria za karata zetu ziandikwe kwa Kiswahili

Mnamo mwaka 1996, kampuni ya Wizards of the Coast ya Marekani ilitoa toleo jipya la mchezo wake maarufu wa karata, Magic: The Gathering, na kulipa jina la Mirage. Toleo hilo lilijengwa juu ya nchi ya njozi iliyochorwa kwa kuiga Afrika. Msomaji wa Kiswahili anayezipitia karata zake hakosi kukutana na maneno ya nyumbani: mnyonya damu mmoja anaitwa Shauku, na wapo mchungaji na simba waliopewa jina la Mtenda. Hata hivyo, chini ya picha, pale panapoandikwa kile ambacho karata inafanya, lugha ni nyingine kabisa. Mchezo huo umewahi kuchapishwa kwa lugha zaidi ya 10, zikiwemo Kijapani, Kirusi na Kikorea, ilhali Kiswahili hakimo. Maneno yetu yalikaribishwa yawe mapambo. Sarufi yetu ikaachwa mlangoni.

Simlaumu mgeni kwa hilo, kwani mgeni huchukua kinachompendeza machoni. Linalonikera ni kwamba sisi wenyewe tumeanza kutenda vivyo hivyo. Baadhi ya wanafunzi wangu wa isimu wanabuni mchezo wao wa karata za njozi, jambo ambalo nalisifu kwa dhati. Wamo humo Fumo Liyongo na Lwanda Magere, wamo majini na mazimwi, na picha zake zimechorwa kwa ustadi. Lakini sheria zote, tangu ya kwanza hadi ya mwisho, zimeandikwa kwa Kiingereza. Nilipowauliza sababu, walinijibu kwa upole kwamba Kiswahili ni kizuri kwa majina na hadithi, ila hakifai kutungia sheria za mchezo. Dhana hiyo ni potofu, na kwa kuwa imewaingia hata wanaosomea lugha, haifai kuachwa ipite bila kujibiwa.

Kwa manufaa ya wasioufahamu mchezo wa aina hii, yafaa nieleze kidogo. Katika karata za kawaida, wachezaji wote hugawiwa kutoka jozi moja. Katika mchezo wa karata za kukusanya na kubadilishana, kila mchezaji huja na jozi yake, aliyoiteua mwenyewe kutokana na karata alizonunua au kubadilishana na wenzake. Aidha, kila karata hubeba sheria yake, na pale sheria hiyo inapopingana na sheria ya jumla, ya karata ndiyo inayotawala. Basi karata ni kijisheria chenye maneno 20 au 30, kilichoandikwa kwenye kipande cha karatasi kisichozidi kiganja. Neno moja likiwa na utata, wachezaji wawili watagombana na mchezo utavunjika. Mbunifu wa mchezo kama huu, kabla hajawa mchoraji au mfanyabiashara, ni mwandishi wa sheria.

Je, ni kweli kwamba Kiswahili hakina uzoefu wa kazi hii? La hasha. Tazama bao. Ubao wake una mashimo 32 na kete 64, na sheria zake ni tata kiasi cha kumtoa jasho mwanahisabati. Hata hivyo sheria hizo zimesimuliwa kwa Kiswahili kizazi baada ya kizazi: kuna namua na kuna mtaji, kuna kutakata, na kuna nyumba ambayo ina masharti yake peke yake. Tazama pia karata zenyewe. Maneno karata, turufu, shupaza, kopa, uru na pau yana asili ya Kireno, lakini wachezaji wa pwani walipoyapokea hawakuupokea mchezo pamoja na lugha ya kuuchezea. Waliendelea kuchanga, kugawa na kula kwa vitenzi vyao wenyewe, na karata zenye sura za watu wakaziita mzungu. Wahenga hao walikopa vifaa, hawakukopa ulimi.

Tena, Kiswahili kina nyenzo ambazo mwandishi wa sheria katika lugha nyingine angezitamani. Mathalani, karata iseme hivi: "Mkuki ukiigonga ngao, unavunjika." Kilichovunjika ni mkuki. Badilisha silabi moja tu, useme "inavunjika", na kilichovunjika ni ngao. Mkuki umo katika ngeli ya U-I na ngao katika ngeli ya I-ZI, kwa hiyo kiambishi pekee chatosha kumaliza ubishi. Kiingereza, ambacho kina kiwakilishi kimoja kwa vitu vyote viwili, hulazimika kurudia nomino ili kuepuka utata.

Sisemi kwamba kazi ni rahisi. Watu, wanyama na hata majini huangukia upatanisho wa A-WA, na hapo ngeli haitusaidii. Ukiandika "Shujaa akipigana na jini, anaondoka mezani", nani ameondoka? Hapo itabidi utaje: "jini anaondoka mezani". Vilevile, "unaweza kuchukua karata moja" huweza kumaanisha ruhusa au uwezo, kwa hiyo afadhali karata iseme "una hiari ya kuchukua" pale ambapo ni ruhusa, na "sharti uchukue" pale ambapo ni amri. Kuhusu wakati, lugha yetu ni tajiri ajabu. "Shujaa akiuawa", "kila shujaa anapouawa", "shujaa akishauawa" na "kabla shujaa hajauawa" ni sheria nne tofauti, na mchezaji aliyezichanganya atashindwa. Mwalimu anayelalamika kwamba wanafunzi wake hawaoni faida ya kujifunza -ki-, -po- na -sha-, ajue kuwa hapa faida hiyo huonekana papo hapo, kwa kupata au kupoteza.

Hata masimulizi yetu yamekwisha kutufanyia nusu ya kazi. Kinachoupa mchezo huu ladha ni upekee: sheria ya jumla inasema hivi, lakini huyu ana lake. Liyongo hadhuriki kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni, na anayeichoma ni mwanawe mwenyewe. Lwanda Magere ana mwili kama jiwe, mkuki haumwingii, ila uhai wake umo kivulini, na siri hiyo hufichuliwa na mke aliyetoka kwa maadui zake. Je, hizo si sheria za karata zilizokamilika? Andika: "Lwanda hashambuliwi kwa mkuki. Kivuli chake kikishambuliwa, Lwanda anageuka jiwe." Mbunifu anayeisoma vyema fasihi simulizi atakuta sharti, upekee na gharama vimo ndani yake tangu kale. Anayechukua jina la Lwanda tu na kulibandika juu ya askari yeyote mwenye nguvu, huyo ameiacha hadithi yenyewe nyuma.

Kuna wasemao kwamba mchezo wa Kiswahili hautapata soko. Nawakumbusha kwamba Magic: The Gathering nayo ilianza ikiwa kazi ya watu wachache. Richard Garfield, mwanahisabati aliyepata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1993, aliujaribu mchezo wake kwa kucheza na marafiki wa chuoni. Ulipotoka Agosti mwaka huohuo ukiwa na karata 295 tofauti, Wizards of the Coast ilikuwa kampuni changa isiyojulikana; ilikuwa mwaka 1999 ndipo kampuni kubwa ya Hasbro ilipoinunua. Upo pia mfano wa Netrunner, mchezo mwingine wa Garfield uliotoka mwaka 1996, ukafufuliwa mwaka 2012 na kampuni ya Fantasy Flight Games, kisha ukasitishwa mwaka 2018. Wapenzi wake hawakukaa wakiomboleza. Waliungana, na leo kundi lao, Null Signal Games, hubuni karata mpya na kumruhusu mtu yeyote kujichapishia nyumbani bila malipo. Huo ndio uhuru wa mbunifu anayejitegemea: hangoji idhini ya tajiri ili aandike kwa lugha aipendayo.

Jambo moja, hata hivyo, sipendi vijana wetu waliige. Karata za aina hii aghalabu huuzwa katika pakiti zilizofungwa, ambazo mnunuzi hajui zina nini mpaka azifungue. Mtoto hununua moja, haoni anachokitaka, hununua nyingine. Katika nchi ambayo tayari vijana wengi wamenaswa na kamari za simu, sioni sababu ya kuwafundisha kubahatisha wangali darasani. Mzazi na mwalimu wanaoshuku karata wana haki ya kushuku hapo. Mbunifu anayejitegemea na auze jozi nzima, iliyo wazi, kwa bei moja. Kubadilishana kutabaki, kwani kila mchezaji atataka kuunda jozi yake, lakini bahati nasibu itakuwa imeondolewa.

Kwa walimu wenzangu, nawaomba msiione kazi hii kuwa upuuzi. Mtaala wa umilisi unasisitiza ubunifu, mawasiliano na ushirikiano, na hapa vyote vitatu vinapatikana kwa manila na kalamu. Ligawe darasa katika makundi ya wanafunzi wanne. Kila kundi lichague masimulizi ya jamii moja na kuandika karata 20. Kisha makundi yabadilishane karata na kucheza bila waandishi kuruhusiwa kueleza lolote. Penye ubishi, sentensi ina kasoro. Irudishwe iandikwe upya. Sijui zoezi la insha lenye msahihishaji mkali kuliko mpinzani anayetaka kushinda.

Na kwa wanafunzi, wakiwemo wangu, nasema hivi: wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutuzwa. Kucheza kwetu si kumvika jini kanzu na kumpa jina la Kiswahili ilhali anapokea amri kwa Kiingereza. Lugha inayotaja mashujaa bila kuruhusiwa kuamua nani ashinde na nani ashindwe imefanywa mtumishi katika nyumba yake yenyewe. Mkitaka kuutafsiri mchezo wenu baadaye kwa Kiingereza, Kifaransa au Kijapani, tafsirini, na wageni wapate kuhangaika kidogo na ngeli zetu. Ila nakala ya kwanza, ile ambayo ubishi ukizuka hurejelewa na kuamua, iwe ya Kiswahili.