Picha Mbili za Moyo Mmoja

Wazazi wa Fizi na Baraka huona ajabu daktari anapokwisha kumpiga mtoto picha ya kifua, kisha akataka achunguzwe tena kwa chombo kingine. Je, hakuona kitu? Ameona, ila hajaona yote.

Eksirei, aliyoivumbua Röntgen mwaka 1895, huonyesha kama moyo umetanuka, na kama maji yameingia mapafuni. Lakini ni kivuli tu. Haisemi kwa nini moyo umetanuka. Ekografia, iliyoanzishwa na Edler na Hertz huko Sweden mwaka 1953, hutumia sauti zisizosikika na sikio. Kwayo daktari huutazama moyo ukipiga, na vali zake, yaani milango ipitishayo damu, kama zinafunga sawasawa.

Maradhi ya koo yasiyotibiwa huweza kuleta homa iharibuyo vali hizo. Mtoto akihema kwa kupanda kilima kutoka ziwani, majirani hunong'ona habari za uchawi. Minong'ono hiyo imetuchosha!

Huko Gulu, Uganda, ekografia iligundua ugonjwa huo kwa watoto ambao bado hawajaona dalili. Eksirei peke yake isingaliwatambua. Watoto 818 waligawanywa, nusu wakachomwa sindano ya penisilini kila mwezi kwa miaka miwili. Habari ilitangazwa mwaka 2021: waliozidiwa na ugonjwa ni 3 kati ya waliochomwa, na 33 kati ya wasiochomwa.

Basi, mzazi, ukitumwa Bukavu kwa ekografia, usiiache nyumbani ile picha ya kwanza. Daktari wa huko ataziweka pamoja.